Kanga Nyekundu Mlangoni: Nilivyojifunza Kulala Baada ya Zamu ya Usiku

Chumba tunacholala kina dirisha moja, nalo linatazama mashariki. Kwa mtu aliyelala usiku hiyo ni neema: jua likichomoza unaliona, unaamka, unaiwahi foleni ya Buguruni. Kwa mtu aliyetoka kazini asubuhi macho yamevimba, ni adhabu. Miaka minne ya mwanzo ya kazi niliamini kwamba adui wa usingizi wangu ni lile dirisha. Nikalitundikia pazia zito, juu yake kanga mbili, na juu ya kanga boksi la televisheni nililolikata kwa kisu. Giza nililipata. Usingizi haukuja.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Zamu zangu nyingi ni za mchana. Usiku naingia mara nne kwa mwezi, au tano mwenzetu mmoja akiwa likizo, kuanzia saa moja na nusu usiku mpaka saa moja na nusu asubuhi. Naitaja idadi kwa sababu kila ninachosimulia hapa kinaihusu. Walinzi wanaokesha mwezi mzima wana shida zao na wana mbinu zao. Sisi wa usiku wa hapa na pale huambiwa tuna nafuu, "si siku nne tu!" Kumbe mwili haupati hata nafasi ya kuzoea. Ukitaka kuanza kuzoea, umesharudi mchana.

Mwanzoni nilifanya kama nilivyowakuta wenzangu wanafanya. Siku ya zamu naamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, naandaa watoto waende shule, nafua, naenda sokoni, napika cha mchana na cha usiku, najitahidi nimalize kila kitu kwa sababu "leo sipo". Jioni napanda daladala nimeshachoka. Nilikuwa najipa moyo kwamba uchovu huo ni akiba, kwamba kesho nikifika nyumbani nitalala fofofo. Usiku nakunywa kahawa. Asubuhi narudi, najitupa kitandani, nageukageuka mpaka saa tano, ndipo lepe linanichukua, na nikishalala naamka saa kumi na moja jioni kichwa kizito kama nimefungwa kilemba cha mchanga. Usiku unaofuata niko macho nahesabu mabati. Kesho yake zamu ya mchana. Usiku mmoja wa kazi ulikuwa unanila siku tatu.

Kilichonitoa huko ni usiku mmoja wa Februari, joto lile la Dar ambalo hata feni inapuliza hewa ya moto. Saa kumi na robo alfajiri zikaja sampuli mbili kwa pamoja, chupa za kizibo cha zambarau, wagonjwa wawili wanawake, majina ya ukoo yanafanana. Mmoja alikuwa anaandaliwa kwa upasuaji wa kujifungua na damu ilitakiwa iwe tayari. Nikadondosha damu kwenye kigae nipime kundi lake, nikaweka kitendanishi cha bluu, cha njano, na kile kisicho na rangi, nikatikisa, nikasoma. Kusoma nilisoma sawasawa. Kuandika ndiko nilikokosea: majibu ya huyu nikayaandika kwenye mstari wa yule. Na sikuona. Niliweka kalamu chini nikiwa na hakika kabisa.

Kwetu kundi la damu linasainiwa na watu wawili. Mwenzangu wa zamu akakitazama kigae, akalitazama daftari, akarudi kwenye kigae. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hii B umeiona wapi?"

Nilikaa kwenye kiti mikono inatetemeka. Najua hatua zilizobaki. Damu ya kuongezwa ingefananishwa na ya mgonjwa kabla ya kutolewa, na pengine kosa lingedakwa hapo. Lakini yule mama alikuwa amelala ghorofa ya juu, akingoja mtoto wake, na sikutaka maisha yake yategemee "pengine" yangu. Asubuhi ile sikulala kabisa. Nilimweleza mume wangu, nikalia, kisha nikaanza kusoma.

Nilichokisoma kwanza kilinishtua. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kulinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya kazi kama mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24, kama mwenye asilimia 0.10 hivi. Nikahesabu za kwangu. Niliamka saa kumi na moja alfajiri. Saa nne usiku nilikuwa nimefika kiwango cha kwanza. Saa kumi na robo, nikiwa nimeshika damu ya watu, nilikuwa nakikaribia cha pili. Mimi sinywi pombe, na nisingemruhusu mlevi aguse benchi langu.

La pili lilinieleza kwa nini boksi la televisheni halikusaidia. Mwili una saa yake. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa kazi waliyoifanya kwa inzi wadogo wa matunda, hawa hawa wanaozunguka embe lililoiva mezani. Walionyesha jinsi jeni inavyotengeneza protini ndani ya seli usiku na protini hiyo kupungua mchana, kila siku, kwa mzunguko wa karibu saa 24. Nasi binadamu tunazo saa za namna hiyo, na kubwa yao iko ndani ya ubongo, inarekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Giza likitanda, ubongo unaachia homoni ya melatonini. Kuelekea alfajiri joto la mwili linashuka kuliko wakati mwingine wowote. Hapo nikakumbuka: kila ikifika saa kumi alfajiri maabara yetu inakuwa baridi, tunagombana nani ameshusha kiyoyozi, kumbe hakuna aliyekigusa. Ni sisi tulioshuka.

Na saa hiyo ya mwili haigeuzwi kwa usiku mmoja. Inasogea polepole, siku baada ya siku, na hapa kwetu jua linachomoza majira ya saa kumi na mbili mwaka mzima, linairudisha pale pale kila asubuhi. Nikaona kosa langu. Nilikuwa najaribu kuugeuza usiku kuwa mchana kwa ajili ya zamu moja, halafu nageuza tena. Kwa mtu wa usiku nne kwa mwezi, kazi si kugeuka. Kazi ni kubaki mtu wa mchana, ukaukopa usiku mmoja, ukalipa haraka kabla riba haijapanda.

Kukopa kunaanzia mchana wa siku ya zamu, na hapa ndipo nilipopata upinzani ambao hakuna kitabu kilinionya. Nilipanga niwe nalala kuanzia saa nane na nusu mpaka saa kumi jioni, saa moja na nusu nzima, muda wa kutosha usingizi kuzama na kuibuka. Mara ya kwanza nilipofunga mlango saa nane mchana, watoto waligonga mara tatu. Jirani akaja kuuliza kama naumwa. Shangazi yangu alipiga simu, mume wangu akamwambia nimelala, na jioni akanipigia tena: "Mwanangu, una mimba?" Kwetu mwanamke mzima, mzima wa afya, halali mchana. Akilala mchana ana jambo: anaumwa, ana mimba, au ni mvivu. Mwanamume akitoka zamu watu watanyamaza, "baba kalala." Mimi nikitoka zamu wanasema, "Bora umerudi, gesi imeisha."

Sikuwa na maneno ya kujitetea. Aliyenipa ni mama mwenye nyumba, anayekaa vyumba vya mbele na kuuza vitumbua asubuhi. Siku moja nilirudi zamu nikamkuta anaosha vikaango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu hivyo? Hulali?"

Nikamwambia kelele. Nikamtajia zote: redio ya mpangaji wa chumba cha tatu, seremala wa nyuma na randa yake, na yule kijana wa vyuma chakavu anayepita na kipaza sauti akitangaza betri mbovu na majokofu mabovu kana kwamba kila nyumba inayo kumi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Marehemu mume wangu alikuwa wa reli. Akitoka usiku nilikuwa natundika kanga nyekundu mlangoni. Watoto wakiiona, hata mpira wanaenda kuchezea mbali. Watu si wabaya, mwanangu. Hawajui tu kama umelala."

Nilikuwa nimeishi nyumba ile miaka mitatu bila kumwambia mtu ratiba yangu. Nilikuwa nalalamika moyoni, nalala na hasira, na hasira nayo inafukuza usingizi. Jioni ile nikapita mlango kwa mlango. Nikaeleza kazi yangu, nikaeleza ni siku nne tu kwa mwezi, nikaeleza kanga. Yule wa chumba cha tatu ndiye niliyemwogopa zaidi, na ndiye aliyesema, "Dada, ungeniambia zamani. Mimi nafungua redio ili nisisikie randa." Seremala hakuahidi kitu, kazi ni kazi, ila aliniambia randa anapiga baada ya saa sita. Vyuma chakavu hatukumwambia. Yule ni wa mtaa mzima. Kwa ajili yake ninayo feni, mvumo wake unazimeza sauti za mbali, na umeme ukikatika natia pamba masikioni.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo kuliko melatonini. Kwangu lilikuwa kubwa kuliko yote. Usingizi wa mchana katika nyumba ya kupanga ya Dar hauwi wa mtu mmoja. Unalazwa na watu.

Kahawa sikuiacha, niliihamisha. Nje ya lango la hospitali kuna mzee wa kahawa chungu, ana birika lake la makaa na kashata, na ile milio ya vikombe vyake ikisikika saa kumi alfajiri ni vigumu kuipita. Nilikuwa namfuata wakati huo kila zamu, nikidhani najisaidia kumaliza usiku. Lakini kafeini haitoki mwilini upesi. Kwa watu wengi huchukua kama saa tano hivi kupungua nusu. Kikombe cha saa kumi alfajiri, nusu yake bado ninayo saa tatu asubuhi, nikiwa nimelala chali natazama dari. Sasa nakunywa kimoja nikianza zamu na kingine kabla ya saa saba usiku, basi. Mzee akinikaribisha alfajiri nanunua kashata. Vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya makopo, siviwezi. Vina kafeini hiyo hiyo na sukari nyingi juu yake. Na chipsi mayai ya saa nane usiku tuliyokuwa tunachangishana niliiacha pia, kwa sababu tumbo nalo lina saa yake, likishindiliwa mafuta wakati limelala linakununia mpaka mchana. Nakula chakula kamili nyumbani kabla ya kutoka, na usiku nina ndizi, mayai ya kuchemsha, na uji kwenye chupa ya chai.

Kulala kidogo ndani ya zamu kulichukua muda kukubalika. Mkubwa wetu wa zamani aliona ni utovu wa nidhamu. Ukikutwa umeinamia meza, unaandikiwa barua. Kwa hiyo watu walilala kwa kuiba, chooni, stoo, bila kumwambia mwenzake, na huo ndio usingizi wa hatari. Aliyekuja baada yake alitusikiliza. Tukakubaliana: kati ya saa nane na saa kumi, kazi ikiwa imetulia, kila mmoja dakika ishirini, kwa zamu, anakabidhi kazi kwa maandishi na mwenzake anabaki macho. Dakika ishirini, si arobaini. Ukizidisha unazama kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa hapo unakuwa kama mtu aliyetolewa majini, husikii vizuri, hujui umeshika nini. Hata baada ya hizo ishirini nanawa uso, natembea mpaka mwisho wa korido na kurudi, na robo saa ya kwanza sigusi sampuli ya kundi la damu. Napanga chupa.

Safari ya kurudi ni sehemu niliyokuwa naidharau. Wakati mmoja nilipanda bodaboda ili niwahi kitanda. Karibu na taa za Buguruni nikasinzia. Sikuanguka; paji la uso liligonga mgongo wa dereva nikashtuka, naye akashtuka, pikipiki ikayumba mbele ya lori. Tangu siku hiyo nikitoka usiku sipandi bodaboda, hata nipewe bure. Daladala za asubuhi zinazotoka mjini zina viti, watu wote wanakuja upande wa pili. Nakaa nyuma ya konda, namlipa, namwambia, "Mimi nashuka Barakuda, nikisinzia niamshe." Kabla sijajifunza kusema hivyo nilipitilizwa mpaka Segerea mwisho mara mbili. Wengi wao ni wema sana. Mmoja aliniambia, "Lala mama, na mimi nilikesha jana." Navaa miwani ya jua njia nzima, maana kila mwanga ninaoupata njiani unaiambia ile saa ya ubongo kwamba kumekucha.

Nikifika, naoga maji ya bomba, nakula kidogo, natundika kanga. Miezi ya joto, Desemba mpaka Machi, bati likishika moto kitanda hakikaliki, kwa hiyo nalala chini kwenye mkeka, saruji ina ubaridi wake. Saa tatu kasoro nimelala. Na saa saba mchana naamka.

Hapo kwenye kuamka ndipo wenzangu wengi hunibishia. "Umekesha usiku kucha, unaamkaje saa saba?" Naamka kwa kengele, na kusema kweli inauma, hasa nusu saa ya kwanza. Lakini zile saa nne za asubuhi ni malipo ya awali. Nikilala mpaka jioni, usiku sitaupata, na deni linaingia siku ya pili na ya tatu kama zamani. Kwa hiyo naamka, natoka nje kwenye mwanga makusudi, natembea mpaka sokoni, naongea na watu. Siku hiyo sifanyi kazi ya moto wala ya kisu kikali, na sikai kuamua mambo ya fedha. Saa tatu usiku nalala na watoto wangu, na huo ndio usingizi wenyewe, wa pono, mpaka alfajiri. Kesho yake mimi ni mtu.

Kuna jambo la vidonge sitaki kulipita. Wafanyakazi wengi wa afya, na mimi niliwahi, humeza Piriton ili walale mchana. Hiyo ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake ya pembeni, na hukaa mwilini muda mrefu. Unaamka lakini kichwa bado kimefunikwa. Ukishaizoea, siku usipoimeza unaona huwezi kulala. Kama usingizi umekataa wiki baada ya wiki, nenda umwone daktari, usijitibu kwa kile kilicho kwenye droo ya famasi.

La mwisho linahusu haki, nalisema kwa dada zangu hasa. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili nilipangiwa zamu za usiku mpaka mwezi wa nane, nikaingia, nikidhani ndivyo kazi ilivyo. Sikuwa nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi humo ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Inamkataza mwajiri kumpangia usiku mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua, na mama ndani ya miezi miwili baada ya kujifungua. Na inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, ambayo yana maana kwamba kile kikao cha saa nane mchana tulichokuwa tunaitwa baada ya kukesha hakikuwa sawa. Nilipokwenda na karatasi yangu kwa mkubwa wetu wa sasa, alikisogeza. Hakuna aliyegombana.

Wiki iliyopita nilikuwa na zamu ya Alhamisi. Ijumaa niliporudi nilikuwa nimechoka hata kanga nikaisahau, nikaingia moja kwa moja nikalala. Kengele ilipolia saa saba nilifungua mlango nikaikuta imetundikwa, imebanwa kwa vibanio vya nguo, chini kidogo kuliko ninavyoitundika mimi, usawa wa mkono wa mtoto. Mwanangu mdogo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mama mwenye nyumba, anakula kitumbua. Akaniuliza, "Mama, sasa niiondoe?"